Harusi Kutoka Chumbani Hadi Sebuleni

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, na naijua, sitajifanya mnyenyekevu. Nimerekodi harusi zaidi ya mia mbili. Bwana harusi anayetetemeka kama kuku aliyenyeshewa mimi nitakutolea shujaa, na ukiniletea shemeji aliyelewa nitamkata asionekane hata kiatu. Harusi moja tu ilinishinda kuimaliza, nayo ni yangu mwenyewe.

Mke wangu alilinyamazia jambo hilo. Mama yake hakulinyamazia. Siku mbili kabla ya harusi yetu mama mkwe aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, akafungwa plasta kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiuno. Tulitaka kuahirisha, akakataa katakata. Aliniambia kwa simu kwamba tufunge ndoa, yeye ataiona kwenye video. Nikamwahidi wiki moja. Wiki hiyo imechukua miaka mitatu.

Sasa, mama mkwe wangu ni karani wa mahakama mstaafu, na ahadi kwake ni kesi. Kila mwezi alimpigia binti yake kuuliza kama imesikilizwa au imeahirishwa tena. Nyumbani kwetu hakuwahi kukanyaga. Alisema hawezi kuja kunywa chai kwenye ndoa ambayo hana ushahidi kwamba ilifungwa. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini nilijua hatanii. Mimi aliniita "bwana mpiga picha", kama mtu aliyekutana naye kwenye foleni. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na kimoyomoyo nilikuwa nimejipangia kwamba nikioa nitapata mwingine.

Basi mwezi uliopita nikajifungia chumbani. Nikakata, nikaunga, nikasawazisha rangi, nikatoa filamu ya dakika hamsini, safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu kope za bibi harusi. Halafu mdomo ukaniponza. Nikatangaza kwa ukoo mzima kwamba hatutachomeka flashi kwenye televisheni kama watu wa kale. Kompyuta itakaa chumbani, televisheni sebuleni, na harusi itapita hewani kwa waifai bila kupoteza hata chembe ya ubora. Mke wangu aliuliza kama waya si salama zaidi. Nikamwambia aniachie kazi yangu. Nilijaribu mara sita, peke yangu, nyumba ikiwa kimya, na haikukwama hata mara moja.

Jumapili saa tisa mchana mama mkwe akafika, na watu kumi na wanane nyuma yake. Wa kwanza kuingia baada yake alikuwa shangazi wa mke wangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu habari ikimfikia yeye imeshafika kote. Kabla hajakaa aliomba nywila ya waifai. Na mwingine naye akaomba. Mimi, kwa kiherehere cha mwenyeji, nikaiandika kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani.

Mama mkwe tulimkalisha kwenye kochi la mbele. Nikamwamkia, akaitikia, akaweka mkoba mapajani na kukunja mikono juu yake, tayari kusikiliza shauri. Nikakimbilia chumbani, nikabonyeza, nikarudi mbio. Gari likatokea kwenye televisheni, limepambwa, linang'aa. Sebule nzima ikaguna kwa raha. Mlango ukafunguka, mke wangu akaanza kushuka, gauni jeupe, shada mkononi, na hapo akaganda, mguu mmoja hewani. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya paji la uso wake.

"Imeahirishwa," alisema mama mkwe.

Watu wakaangua kicheko. Nikakimbilia chumbani. Nikasimamisha, nikaanzisha, mke wangu akashusha mguu, na sebule ikapiga makofi. Sekunde nne baadaye akaganda mfungisha ndoa, kinywa wazi, na akakaa hivyo mpaka mtoto mmoja akauliza kama anaumwa jino. Nikapunguza ubora, bibi harusi akageuka vipande vya mraba kama vigae. Nikaupandisha, akarudi kuwa mtu lakini hasogei. Kutoka chumbani hadi sebuleni ni hatua kumi na moja, nami nilizipiga mara nyingi mpaka ndala moja ikakatika, nikaendelea na iliyobaki.

Katika safari mojawapo nikaingia sebuleni kwa mlango wa nyuma, na ndipo nikaona. Simu zote zilikuwa juu. Kila mgeni alikuwa anarekodi televisheni yangu na kuirusha moja kwa moja kwa ndugu waliobaki makwao. Redio alikuwa ndiye mtangazaji mkuu. Aliwaeleza watazamaji wake kwamba hapa imekwama tena, jamani, mnaona wenyewe, na watazamaji wakawa wanamtumia video za kumfundisha namna ya kuzuia video zisikwame. Kumbe kila picha ilipokwama, wale waliokuwa hawajainua simu nao waliinua. Harusi yangu ilikuwa inapita kwenye waifai ikija na inapita tena ikitoka, mara kumi na nane, kwenye kisanduku kidogo kilichokaa juu ya kabati la viatu.

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, na nikishaanza kucheka vile siwezi kujizuia. Nikamwomba Redio azime. Akasema haiwezekani, ana watu arobaini hewani na mjomba mmoja ndiyo kwanza ameingia, lazima ahadithiwe tangu mwanzo. Basi nikaenda kwenye kisanduku na kubadilisha nywila. Ukasikika mguno mmoja, simu kumi na nane zikikosa mtandao kwa pamoja. Ikabidi televisheni nayo iandikiwe nywila mpya, herufi moja moja kwa rimoti, huku ukoo mzima ukinielekeza, juu, kushoto, umepita, rudi. Nywila ilikuwa siri kwa muda wa dakika moja hivi.

Mama mkwe akatazama saa yake. Nikajua nikikosa safari hii atashika mkoba wake aondoke, na hatarudi. Mke wangu alikuwa chumbani kwenye kompyuta. Nikamwambia kwa sauti kutoka sebuleni aachane na ile nzito, aweke yoyote iliyo nyepesi. Kwenye folda ya harusi yetu kuna "Harusi Mwisho", kuna "Harusi Mwisho Kabisa", kuna "Harusi Mwisho Kweli Sasa". Chini kabisa kuna moja ndogo ambayo hakuwahi kuiona. Inaitwa "Kiti cha Mama". Akaibonyeza hiyo.

Ilianza bila kukwama. Ulionekana mgongo wa koti, kisha kiwiko cha mtu, kisha nusu ya shela. Niliitambua mara moja. Siku ya harusi kiti cha mama mkwe, mstari wa mbele, hakuna aliyethubutu kukikalia, na mimi nikafunga kamera ndogo kwenye mgongo wa kiti hicho kwa mtandio wa mke wangu, kwenye usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Nilitaka awe na nafasi yake. Sikumwambia yeyote. Nilipokuja kuitazama ilikuwa imejaa mabega na visogo, kazi ambayo hata mwanafunzi wangu ningemfukuza nayo, na ilikuwa na kitu kibaya zaidi kilichonifanya niifiche miaka mitatu. Kitu hicho kilikuwa kinakuja.

Katikati ya kiapo, baba mmoja mrefu akasimama mbele ya kamera, akaziba kila kitu. Ikasikika sauti ya mfungisha ndoa ikisita. Bwana harusi akauachia mkono wa bibi harusi, mbele ya wageni mia tatu, akaja mbio, akamsogeza yule baba na kuinama. Uso wangu ukajaa televisheni nzima, jasho, chunusi, tai imepinda, vyote kwa ubora wa juu kabisa.

"Samahani, mama," nikanong'ona mle ndani ya kamera. "Huyu bwana amekukinga. Ngoja nikusogeze kidogo. Hapo unaona?"

Redio alishusha simu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, na mimi nikawa natafuta rimoti niizime aibu ile, nisijue kwamba nimeikalia. Mama mkwe alikuwa ameuweka mkoba chini. Aliinama mbele, karibu na kioo, na hakuniangalia mimi niliyekuwa kando yake. Alikuwa anamwangalia yule mwenye jasho.

"Naona, mwanangu," alimjibu. "Nenda sasa, mwenzio anakungoja."