Mikate Mia Tatu Isiyo na Kitako

Jiji lilianguka saa mbili asubuhi, na Mama Tanuri alipata habari kabla ya kusikia risasi, maana kinyozi wa jirani alikuwa juu ya paa tangu alfajiri, anatangaza vita kama mpira.

"Askari wa serikali wanavua magwanda, jamani. Yule mnene kavaa gauni la mtu. Waasi wameshavuka daraja."

Vigelegele vikapigwa. Watu wakajazana jikoni kwa Mama Tanuri, nyumba yenye kuta nene na maneno mengi. Yeye peke yake hakucheka. Mezani palikuwa na mikate mia tatu ya moto, na kila mmoja una nyota kwenye kitako. Nyota ya jeshi. Mabati ya kuokea yalichongwa hivyo makusudi, askari wasiuze mkate wa kambi mitaani.

"Wakiiona hiyo nyota," wifi yake akasema, "kaka yangu haoni jua la kesho. Watasema alikuwa analisha adui."

"Kwani hakuwa anawalisha?" kinyozi akauliza kutoka juu.

"Wewe tangaza mpira wako."

Mama Tanuri akamsukuma mumewe stoo ya unga, akamrundikia magunia. "Usitoke, hata ukisikia nachinjwa." Kisha akagawa visu.

Watu ishirini wakakata vitako. Na kwa kuwa kitako nacho ni ushahidi, ikabidi kiliwe. Wakala wima, wakala wakikimbilia dirishani kuchungulia, wakala huku magari yakinguruma mtaani na nyimbo zikipanda. Kinyozi aliteremka kusaidia, akafagia sinia zima. Kitako cha mwisho wifi alikisukuma kwa maji, mlango unagongwa.

Kamanda aliingia na wapiganaji sita, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, mikate ni yenu."

Akachukua mmoja, akaugeuza. Akachukua mwingine, akaugeuza.

"Kitako kiko wapi?"

"Kiliungua."

"Yote hii?" Sauti ilishuka. "Mama, miaka miwili tumekula mkate huu porini. Kila lori la jeshi tulilokamata lilikuwa nao, na tunaujua kwa nyota yake. Leo nimeingia mjini naukuta umefumuliwa kwa chini. Umetia nini humu ndani?"

Bunduki zikainuka. Mama Tanuri akaona alivyoruka majivu akakanyaga moto.

"Onja wewe," kamanda akamwambia kinyozi.

Kinyozi akang'ata. Tonge likagoma kushuka. Shibe ilikuwa imemfika kooni. Jasho likamtiririka, macho yakamtoka. Wifi naye akapewa, akafumba mdomo, akatikisa kichwa. Kwa mtu asiyejua, sumu haina dalili nyingine.

"Wameshiba, baba," Mama Tanuri akasema. "Wamekula vitako."

"Nani anashiba vitako siku ya vita?" Kamanda akamwekea Mama Tanuri mkono begani. "Twende nje."

Mlango wa stoo ukafunguka. Mumewe akatoka mweupe kwa unga kuanzia utosini, mtu ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana. Hakusalimu. Akautwaa mkate mkononi mwa kamanda, akaula wote, akavuta wa pili. Jiko zima likawa linatazama koo lake likipanda na kushuka.

"Mwokaji ni mimi," akasema mdomo umejaa. "Na nyota ni kazi yangu."

Kamanda akangoja amalize wa pili. Akangoja kidogo tena. Mtu hakuanguka. Ndipo akamega wake, akanusa, akatafuna amefumba macho.

"Ndio wenyewe," akawaambia wenzake, na bunduki zikaegemezwa ukutani, mikono ikavamia meza.

Mama Tanuri akamvuta mumewe sikio, machozi yanamtoka. "Nilikwambia usitoke, hata nikichinjwa."

"Nilisikia." Akachukua wa tatu. "Ila njaa nayo, mke wangu, haina adabu."