Ijumaa kwa Fundi Miwani

"Mwalimu, usinizungushe. Siku za Ijumaa mwanangu anarudi darasani au harudi?"

"Harudi, mama."

"Basi namhamisha shule."

Mwalimu mlezi wa kidato cha nne hakushtuka. Alikuwa akigonga mihuri kwenye rundo la barua, na akaendelea kugonga. Utaratibu wao mpya ulikuwa na mwezi mmoja tu: siku nne darasani, Ijumaa kila mwanafunzi kazini kwa mtu. Binti yangu tunamwita Kasuku, maana akisoma ukurasa mara mbili anaukariri wote. Yeye walimpeleka kwa fundi miwani. Jaribio la fizikia lililofuata, alama zikashuka. Chuo kikuu hawachukui alama za huruma, nami sikuwa tayari kuona nafasi yake ikipotea hivihivi.

"Nilimleta hapa asome," nikasema. "Kama ni kusugua vioo, madirisha yangu nyumbani yanamsubiri."

Mwalimu akacheka waziwazi. "Ni hatua mia tatu tu kutoka getini. Twende ukaone. Ukitaka uhamisho baada ya hapo, barua naiandika mwenyewe."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mashine ya kusaga lenzi ilinguruma kwenye kona, na vumbi jeupe lilikuwa limetanda kila mahali. Trei za bluu zilipangwa mezani, kila moja na karatasi yake ya daktari. Kasuku alikuwa nyuma ya kaunta, kavaa koti la kazi linalomfika magotini. Mbele yake alisimama mshonaji mmoja, miwani mkononi, sauti juu.

"Ngazi zinanijia usoni, binti! Jana nimeshona mfuko kwapani! Mteja ataweka nini huko, simu?"

Nilitaka kuingilia. Mwalimu akanivuta mkono. Fundi mwenyewe, jibaba lenye kipara, alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao, mikono mfukoni, anatazama dari.

Kasuku akaiweka miwani kwenye kipimo cha lenzi. Akasoma karatasi ya daktari, akaisoma tena. Nikaona uso unambadilika.

"Shangazi, kosa ni langu," akasema. "Fremu ilikuwa inanitazama, nikasahau kwamba jicho lako la kulia linakuja upande wangu wa kushoto. Lenzi nimezipishanisha, ya kulia nikaiweka kushoto, na zimeshakatwa hivyo. Nisamehe sana. Nakusagia nyingine sasa hivi."

"Wewe? Tena?"

"Mimi. Na fundi atazipima kabla hujavaa."

Mshonaji akaguna, akavuta kiti. "Haya. Lakini mfuko ule utaufumua wewe."

"Ulete, shangazi, nitaufumua."

Nikamgeukia fundi. "Mbona ulimwacha peke yake?"

"Kosa lake, atalisema kwa mdomo wake," akajibu. "Kusaga lenzi namfundisha kwa mwezi. Hilo la kumwambia mteja 'nimekosea' ndilo gumu, mama. Wapo mafundi wazima linawashinda."

Nikamtazama Kasuku akirudi kwenye mashine. Mimi nina stashahada ya maabara. Niliingia chuoni nikiweza kutaja kila sehemu ya hadubini, na sikuwahi kugusa hata moja. Wiki ya kwanza niliishusha lenzi mpaka ikapasua kioo cha sampuli, nikakitia kile kioo mfukoni, nikanyamaza. Aliyelaumiwa ni msichana wa meza ya jirani. Nilikuwa wa kwanza darasani mwaka ule, na sikujua kusema sentensi aliyoisema Kasuku mbele ya mama mwenye hasira.

Tulipotoka nje nikamshika mwalimu mkono. "Asante," nikasema. "Nilikuja kukugombeza na bado nina la kusema kuhusu fizikia. Lakini asante. Kweli."

"Fizikia ataipata. Jumatatu wana saa ya ziada. Shida yangu ni wale wa biolojia. Wawili hawana pa kwenda. Nimebisha hodi kila mahali. Ijumaa wanakaa maktaba."

"Wazazi wao wamekubali?"

"Barua zao za kukubali ndizo zile nilizokuwa nazigongea mihuri."

Nikatoa simu, nikampigia daktari mkuu wa hospitali yetu. Nikamwambia kwamba mimi, msimamizi wa maabara yake, kila Ijumaa nitakuwa na wanafunzi wawili na nitawasimamia mwenyewe. Akauliza kama ninaomba ruhusa au natoa taarifa. Nikamwambia achague. Akacheka, akakubali.

Tukarudi shuleni hadi maktaba. Walikuwa dirishani, msichana na mvulana, kitabu kimoja katikati yao.

"Chukueni mabegi," nikasema. "Mnakwenda maabara."

"Leo?" msichana akauliza.

"Leo si Ijumaa?"

Wakakusanya vitu vyao mbiombio. Mlangoni mvulana akaniuliza kwa sauti ya chini kama wataruhusiwa kugusa vifaa.

"Mtagusa," nikamwambia. "Mkishanawa mikono."

Nikatangulia, wakanifuata.