Moshi Mweusi, Hewa Haba

...na mweusi si wa buluu, hilo angalau wangelijua, moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe ni maji au dizeli ambayo haijashika moto, lakini huu mweusi, mzito kama masizi ya sufuria, una maana moja tu, mafuta mengi na hewa haba, na ningewaambia hivyo tangu tulipoingia katika gereji hii laiti mmoja wao angeniuliza, lakini nani amuulize mzee, kazi ya mzee ni kukaa nyuma ya usukani na kukanyaga anapoamriwa, "kanyaga, mzee," anasema fundi, simwoni, boneti imeinuliwa na kuniziba mbele kama mlango niliofungiwa, nakanyaga, injini inakoroma, mshale wa mizunguko unapanda hadi katikati na kugoma, na katika kioo cha nyuma ukuta wa gereji unapotelea ndani ya wingu, "achia," naachia, "si unaona, fundi," anasema mkwe wangu, naye namwona viatu tu kupitia mlango ulio wazi, viatu vya ncha kali, mtu amekuja gereji na viatu vya kwenda kuposa, "nilikwambia limechoka, gari hili lina umri wa mke wangu," na fundi anashusha sauti, "gari na mwenye gari, bosi," wanacheka, wanadhani boneti inaziba na masikio... huyu ndiye aliyemwoa binti yangu, huyu ambaye gurudumu likipungua upepo humpigia mtu simu, na tena ananiambia "baba, sisi tunakupenda, tunakuhofia," sisi, wingi wa watu waliokwisha kufanya kikao bila wewe, "ukitaka kwenda popote nipigie, nitakupeleka," anipeleke, mimi, kama gunia, nikakae sebuleni na kofia kichwani nikisubiri honi yake ndipo nikanyolewe nywele, hapana, nilimwambia hapana, na yeye kwa ule upole wake wa kuuza bima akasema basi tupeleke gari kwa fundi, likipona na ubovu ukiwa wa gari, funguo zibaki kwako, lakini ikionekana ni wewe uliyeliharibu, baba, utanipa mimi funguo, nami nikakubali mbele ya mke wangu na binti yangu, kwa kuwa najua jinsi ninavyolitunza, kuliko yeye anavyoitunza ndoa yake... "hizi ni nozeli," anasema fundi, "nozeli zote zimekufa," zimekufa kwa ushahidi gani, bwana, nozeli inayonyunyiza dizeli ikivuja, injini hugonga asubuhi ikiwa baridi, hii haigongi, na bomba la ekzosi halijazibika, niliweka kiganja mdomoni mwake nikahisi pumzi inatoka bila kusitasita, turbo inayosukuma hewa inaimba kama kawaida na mpira wake hauna ufa, chujio la hewa nimelifungua mwenyewe leo asubuhi, jeupe, safi, nikalirudisha, na bado kwenye mlima wa tangi la maji gari linajikokota hadi mwanamke mwenye ndoo kichwani alinipita, akageuka akanipa pole, pole, mimi... ukiondoa yote yasiyowezekana kinabaki kipande kimoja nisichokichungulia, lile bomba fupi lililo mbele ya chujio, pua ya gari, linalovuta hewa nyuma ya taa, na nani angelichungulia, hakuna kitu kinachoingia humo chenyewe... nimefundisha maisha yangu yote na nyumbani kwangu hakuna aliyewahi kunisikiliza, binti alikuwa akisinzia mezani, mke wangu majuzi tu aliniuliza, kwa adabu naona, gari linapumulia wapi, nikamtoa nje, nikamfungulia boneti, hii ndiyo pua, lile ndilo chujio, kitu kikikwama mbele ya chujio gari litakosa pumzi tu, kikipita nyuma yake kitamezwa na turbo na injini itakufa, naye muda wote macho yako kwenye sindano yake na uzi, "haya, baba watoto," akasema, "nimeelewa," akarudi ndani, nikajisemea hata mbuzi ningemfundisha angalau angetikisa masikio... "nozeli nne pamoja na kazi," anaendelea fundi, na mkwe anaguna ule mguno wa mtu anayepata alichokuja kukitafuta, "haifai, tuliuze tu," na hapo nasema kwa sauti, "hewa, angalia bomba la hewa, mbele ya chujio," viatu vinageuka, "mzee anasema hewa," anatangaza mkwe, kwa sauti ile ile ambayo mtu humsema nayo mtoto aliyedai ameona simba chooni, "ee, mwangalizie tu, roho yake itulie," roho yangu, spana inalia, klipu inaachia, kitu kinavutwa, na kabla sijasikia neno naisikia injini yenyewe ikivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini, nilikuwa sahihi, nilikuwa sahihi na wao ni wapumbavu wawili, mmoja ana spana na mwingine ana viatu, "he," anasema fundi, "kuna kitambaa humu," "panya hao," anasema mkwe, "panya hapigi pindo, bosi, tazama," na mkono wenye grisi unachomoza kando ya boneti ukikining'iniza, kijani, kijani cha mapazia yetu ya zamani ya sebuleni, na pindo lake limepigwa kwa mishono midogo, iliyobanana, pande zote nne... yupo mtu mmoja tu duniani anayepiga pindo tambara la vumbi... siku ile tulipotoka zahanati, lile lori la njano kwenye njia panda, lori lilikosea, nimelisema hilo na ninalisema tena, lakini lilikuwa kubwa kama nyumba na la njano, na mimi sikuliona mpaka honi yake ilipotutikisa vioo, na yeye kando yangu hakupiga kelele, alikumbatia mkoba wake njia nzima, langoni akasema "tumefika," basi, neno moja, nami nikachukulia kwamba amekubali kuwa lori lilikosea, na siku chache baadaye akauliza gari linapumulia wapi... mwanamke huyu, ndani ya nyumba yangu, ananimiminia chai na ananizibia gari, ningeweza kumkasirikia, ninamkasirikia, lakini hakutia sukari kwenye tangi, hakukata mpira, alichagua mbele ya chujio, si nyuma, alisikiliza kila neno, mwanafunzi pekee niliyewahi kuwa naye... "baba," viatu vimefika mlangoni na juu yake kuna uso, mkono umeegemea paa la gari langu, sauti imepakwa asali, "ulikuwa unasafisha ukasahau kitambaa humu, ni wewe?" na nikisema si mimi atauliza ni nani, hatalala mpaka apate, atamwonyesha binti yangu pindo lile, na kikao kijacho hakitakuwa cha kunijadili mimi, kitakuwa cha mama aliyemhujumu mumewe, huyu wa viatu atakuwa mwenyekiti, na atamwita mama kwa upole huu huu, hapana, huyo hamtampata... "kanyaga tena, mzee," anaita fundi, nakanyaga, mshale unapanda bila kugoma, katika kioo cha nyuma ukuta umesimama mahali pake, tofali kwa tofali, naliona kila moja, naweza kuapa kwamba naliona kila moja, "baba, ni wewe?" mguu wangu uko pale pale, funguo zinaning'inia karibu na goti langu, na natafuta kooni sauti ya mtu aliyesahau...