Kilio cha Shangazi

Sikio hakuanza maisha akitaka kukaa nyuma ya kioo cha studio. Alitaka kuimba. Lakini shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alimsikia siku moja akiimba huku anaanika nguo, akamwambia bila kumung'unya maneno: "Mwanangu, sauti yako ni ya kawaida tu. Ila masikio unayo." Na ni kweli, maana mtoto wa shangazi, Kidege, akiteleza kidogo tu kwenye wimbo, Sikio ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja uso. Jina likamganda hapohapo.

Basi binamu hao wawili wakagawana muziki. Kidege, kitinda mimba wa nyumba ile, akachukua jukwaa na mashabiki. Sikio akasomea ufundi wa sauti, akabeba spika za watu kwenye maonyesho mpaka mgongo ukapinda, na mwishowe akakalia meza ya kuchanganyia sauti katika studio ambayo Kidege mwenyewe alirekodia. Watu walipowasifu waimbaji, yeye alitabasamu kivyake, kwa kuwa alijua ni pumzi ngapi mbovu alizozikwangua kwenye rekodi zao usiku kucha ili wasifiwe hivyo.

Kisha shangazi akaugua ugonjwa wa kusahau. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja kusahau majina ya wanawe, na hatimaye akasahau kwamba mama yake mzazi alishafariki zamani. Kila alasiri alikaa kitandani akimwulizia mama huyo. Dada mkubwa wa Kidege, aliyeacha cherehani yake ili amuuguze, alikuwa amejifunza jibu moja: "Yuko njiani, mama, anakuja." Na mgonjwa alitulia.

Asubuhi moja Kidege aliingia studio na meneja wake, mtu wa manukato makali aliyetafuna ubani muda wote, mdomo wazi. Kidege akaweka simu juu ya meza.

"Dada, hebu sikiliza hiki kitu."

Ilikuwa sauti ya shangazi. Alilia kama mtoto aliyepotea, akimwita mama yake, akiomba wasimzike bila yeye kumwona. Nyuma yake feni ilivuma. Meneja alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akanyoosha mkono ili waone vinyweleo vilivyosimama.

"Huu ndio mwanzo wa wimbo," alisema. "Anayesikia hivi akapita, hana moyo."

"Umerekodi haya ya nini?" Sikio alimwuliza binamu yake.

"Wimbo unamhusu mama, dada. Nataka watu wajue ninachopitia."

"Shida yetu ni hiyo feni," meneja alidakia. "Utaweza kuitoa, fundi?"

Mdomo wa Sikio ulijibu kabla ya akili yake. "Nikiitoa, atasikika kama yuko ndani ya pipa." Papo hapo alitamani kujizaba kofi.

"Basi tukairekodi upya," meneja alisema, utadhani anazungumzia kiitikio.

Sikio angeweza kukataa. Alijiambia kwamba akikataa watampeleka fundi mwingine, mtu baki, akasimame kando ya kitanda cha shangazi. Ndivyo alivyojidanganya, akapakia vyombo.

Dada mkubwa alikuwa amemvika mama yake gauni safi, akiamini mwana amekuja kumjulia hali. Chumba kilinukia sabuni na dawa ya kuchua, mpaka manukato ya meneja yalipoingia na kumeza vyote. Meneja alizima feni, akafunga dirisha, akatundika blanketi mlangoni. Dada mkubwa aliombwa akakae jikoni, na tafadhali asiguse vyombo.

Siku hiyo shangazi alikuwa mchangamfu. Alimshika Kidege mkono, akamwita kwa jina la mjomba wake, akacheka kwa kisa alichokijua peke yake. Meneja alitazama saa.

"Leo ana furaha," alinong'ona, kama mtu anayeilaumu mvua.

Kidege akasogea karibu. "Mama, humkumbuki bibi?"

"Nimsahau vipi? Yuko sokoni."

Kidege akamtazama meneja. Meneja akatikisa kichwa kuafiki.

"Mama, bibi alishakufa."

Hapo ndipo Sikio alipoelewa kile kilio cha kwanza kilipatikanaje. Kwa shangazi, habari ile ilikuwa mpya kabisa. Kwenye hedifoni Sikio alisikia mambo ambayo wengine mle chumbani hawakuyasikia: koo likimeza mate, midomo ikiachana, kisha pumzi ikikatika kabla kilio hakijatoka. Alimtazama Kidege. Machozi yalimtiririka kweli, si ya kuigiza, lakini huku akilia alikuwa ameegemea nyuma kidogo, asije akaziba maikrofoni.

Kilio kikapungua. Shangazi alijifuta kwa pindo la gauni, akatazama huku na huku, na uso wake ukaanza kung'aa tena taratibu.

"Mama amesharudi?" aliuliza.

Meneja akainua kidole. "Moja tena, ya akiba," alisema kwa midomo bila sauti. Kidege akafungua kinywa.

Sikio alichomoa waya. Alivua hedifoni, akafuta kila kitu kilichorekodiwa.

"Umefanya nini?" Kidege aliuliza.

"Nimefuta."

"Dada, huyu ni mama yangu mimi."

"Ndiyo maana nasikia kichefuchefu."

Dada mkubwa aliingia akisukuma blanketi. Alifungua dirisha, akaketi kitandani, akamkumbatia mama yake. "Yuko njiani, mama, anakuja." Halafu, bila kugeuza kichwa, "Kidege, toka. Na huyo mwenzako."

Meneja alipopita mlangoni alimwambia Sikio kwa upole kabisa, "Fundi, kazi hii ina wenyewe." Sikio alikwenda nyuma ya nyumba akainama ukutani. Alitapika maji matupu, na bado alihisi manukato yale kooni.

Studio hawakumwita tena. Wimbo ulitoka na kile kilio cha simu, feni na yote, na feni hiyohiyo ndiyo watu waliyoipenda. Walisema inaonyesha ukweli. Ulipigwa saluni, ukapigwa harusini mama wa bibi harusi anapoingia. Majirani walimsimamisha Sikio njiani kumpongeza: binamu yako anampenda mama yake, jamani. Aliitikia na kupita.

Alijaribu upande mwingine wa muziki. Kwenye redio walimtaka apachike makofi ya watu ambao hawakuwepo. Kwenye matangazo alipamba sauti ya bwana mmoja aliyesifia dawa ya nywele, naye alikuwa na upara. Mwishowe chuo cha ufundi kilimchukua afundishe, akashukuru, kwa sababu darasani angalau kelele zilikuwa za watu walio hai na wanaojua wanarekodiwa. Kwa shangazi huenda kila alasiri. Kidege huja pia, na zawadi nyingi, lakini dada yake humtaka aache simu jikoni. Sikio akimkuta, hukaa uani mpaka aondoke.

Siku moja aliwaambia wanafunzi kila mmoja alete wimbo uliomgusa. Msichana wa mstari wa mbele akaleta ule. Kilio kilipoanza, darasa zima liliinamisha vichwa.

"Mwalimu, yule mama ni mwigizaji?" msichana aliuliza, akijifuta macho.

"Hapana. Ni mgonjwa. Alikuwa ameambiwa mama yake amekufa, na kila akiambiwa anasikia kwa mara ya kwanza."

"Nani alimwambia?"

"Mwanawe. Simu ikiwa mkononi."

Kisha msichana akasema polepole, kama anayeona haya, "Lakini wimbo ni mzuri, mwalimu."

Sikio alitaka kukana, lakini masikio yake hayakumruhusu. "Ni mzuri," alisema, na mate yakamjaa mdomoni kama ya mtu anayekaribia kutapika. Alimwomba radhi msichana, akazima spika, akamwita aliyefuata.