Mkono wa Odell Pettaway

Kipindi cha sita kilipokwisha, Odell Pettaway alirudi kwenye benchi la timu, akachota maji ya ndoo, akanywa, kisha akamwambia kocha kwamba bega linamuuma. Kocha akatazama angani kama anayetafuta mvua.

Hakukosa adabu. Katika besiboli, mrushaji ambaye wapinzani hawajaupiga vizuri mpira wake hata mara moja hasemeshwi mpaka mchezo uishe. Ni mkosi. Baadhi ya wenzake weupe hawakuwa wakimsemesha hata siku nyingine, kwa hiyo kwao haikuwa kazi.

"Jamani, linachomoka," akasema Odell.

Benchi zima likainama kufunga kamba za viatu.

Katika kipindi cha nane mkono wa kulia ukatoka begani, taratibu, kama soksi. Haukuvuja damu. Uliokota mpira, ukaurusha, na mpigaji akaukosa. Odell akakaa kwenye nyasi kando yake, maana hakuna aliyemwambia aondoke. Lonnie, mdakaji wao, alikuja akamfunika bega kwa koti lake mwenyewe, uso ameugeuzia pembeni.

Mchezo ulipokwisha wakasema wote kwa pamoja. Wakaubeba mkono juu juu mpaka ndani.

Mwenye klabu akamwita Odell ofisini. "Mkataba wetu ni wa mkono, kijana. Wewe ulikuwa unaubeba tu."

"Sasa mimi je, bwana?"

"Wewe nenda kapumzike."

Kijana huyo alikuwa na miaka thelathini na minne na watoto watatu. Akarudi Arkansas, na mkewe Ottie akakunja mikono ya kulia ya mashati yake yote, akaishona.

Klabu haikutaka kuutunza mkono majira ya baridi, kwa hiyo kila Novemba ulirudi nyumbani. Ottie aliukanda kwa mafuta ya moto. Watoto wakilala, uliwavuta blanketi mpaka shingoni.

Mwaka wa tatu ulirudi kiwiko kimevimba, vidole havikunjiki.

"Wanakurushisha kila siku ya pili, eti?" Ottie akauuliza. "Washenzi wale."

Mwezi Februari klabu ikapiga simu duka la jirani, maana nyumbani hawakuwa na simu. Ottie akavua aproni kwanza, ndipo akashika simu.

"Mkono unaumwa," alisema. "Mwaka huu upumzike."

Sauti ikanong'ona, "Usitaje hilo, mama. Mchezo wa mwisho mkono uliumaliza bila kupigwa hata mpira mmoja. Utauletea mkosi."

"Mkosi gani tena? Nakwambia kiwiko—"

Simu ikakatwa.

Ottie akaufunga kiwiko kwa flaneli, akauvisha soksi ya sufu ya Odell. Stesheni, Odell aliushika kiganja na hakukiachia mpaka treni iliposimama.

Mkaguzi akashuka, akaitazama tiketi, akautazama mkono na rangi yake.

"Wewe," akauambia, "behewa la watu weusi ni lile kule."