Aliyelia Kwenye Korona ya Mkonge

Koplo Agripina wa Dawati la Jinsia na Watoto, Korogwe, alizoea wanawake wanaoingia wakilia. Mwaija hakulia. Aliingia, akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayejiandaa kukimbia.

"Afande, utanicheka."

"Sijamcheka mtu kwenye chumba hiki, dada. Sema."

Mwaija alikuwa muuza maandazi wa Makuyuni, jirani na shamba la mkonge lililokufa zamani. Kilichobaki pale ni korona, ndivyo wenyeji wanavyokiita kiwanda cha kusindika mkonge: kuta za mawe, mabati yenye kutu, na popo. Funguo alikuwa nazo mtu mmoja tu, mlinzi aitwaye Isaka. Na humo ndani, alisema Mwaija, kuna mwanamke analia. Halii usiku. Analia adhuhuri, jua la utosi, wakati watu wako mashambani na hata kuku wamejificha kivulini.

"Wazee wanasema ni mzimu wa manamba, vibarua wa mkonge wa zamani. Mwaka wa sita huu, tumeshauzoea. Lakini Yusta, mke wa Isaka, leo wiki ya tatu sijamwona. Mumewe anasema karudi kwao Handeni. Karudi kwao peku, afande? Kandambili zake ziko mlangoni."

Agripina hakucheka. Alimpigia simu mtendaji wa kata ya Kwaluguru, huko Handeni alikozaliwa Yusta, akamwomba afike nyumbani kwa wazazi wa Yusta. Kabla ya alasiri jibu likarudi. Baba yake Yusta alikuwa ameambiwa na Isaka kwamba binti anaumwa, yuko Dindira kwa shemeji yake anauguzwa.

Mtu mmoja, safari mbili, na hakuna aliyemwona njiani.

Kesho yake, saa sita kasoro, Agripina na Konstebo Godfrey walisimama mbele ya korona. Isaka aliwapokea kwa adabu zote. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, shati limepigwa pasi.

"Karibuni, wakubwa. Humu mtakuta popo tu."

Ndani kulikuwa na baridi isiyolingana na jua la nje. Harufu ya mkonge uliooza ilikuwa bado imeng'ang'ania kuta. Walipita penye misingi ya mashine zilizokwisha kuuzwa vyuma chakavu, Godfrey akimulika pembeni, Isaka mbele na funguo zake zikigongana.

Ndipo sauti ikaanza.

Ilianza chini, kama mtu anayebembeleza mtoto, ikapanda polepole mpaka ikawa kilio cha Kizigua. Agripina, mzaliwa wa mbali, hakuelewa hata neno moja, lakini nywele zilimsimama. Godfrey alishika ukuta.

Funguo zilimponyoka Isaka. Alirudi nyuma hatua moja.

"Si yeye," alisema. "Nilimfunga mdomo."

Hapo Isaka akaelewa kilichomtoka. Aligeuka akimbie, lakini Godfrey alikuwa ameshamkamata mkono, na pingu zikalia. Agripina aliokota funguo, akakimbilia mlango wa stoo ya mwisho. Ufunguo wa tatu ndio uliokubali.

Yusta alikuwa sakafuni, mnyororo mguuni, kitambaa kimefungwa mdomoni kwa nguvu hadi mashavu yamekatika. Macho yake yalikuwa wazi. Agripina alipiga magoti na kuanza kufungua fundo. Mdomo wa Yusta ulikuwa umezibwa mbele yake, na kilio kilikuwa kinaendelea, nyuma ya stoo, chini.

Fundo lilipofunguka, sauti ikakatika.

"Umeisikia na wewe?" Yusta alinong'ona.

"Nimeisikia."

"Yuko kwenye shimo la maji machafu. Kila siku ananililia. Huyu bwana, alivyokuwa akinipiga, aliniambia atanipeleka kwa mwenzangu Rosa."

Rosa alikuwa mke wa kwanza wa Isaka, naye binti wa Handeni. Miaka sita iliyopita Isaka alitangaza kwamba mkewe amemtoroka na dereva wa lori, na watu wakapokea habari hiyo kama wanavyopokea habari za mvua. Siku mbili baada ya Yusta kuokolewa, shimo lilifukuliwa. Ilikutwa mifupa, na kipande cha kanga ambacho maji hayakuweza kukimaliza.

Yusta alilazwa hospitali wiki mbili, kisha baba yake akamchukua. Isaka alipelekwa rumande Tanga kusubiri kesi ya mauaji. Makuyuni hakuna aliyesikia kilio tena, na Mwaija anasema kimya hicho kilimtisha zaidi, kwa sababu sasa alijua alichokuwa akikisikia miaka yote huku akikaanga maandazi.

Mama yake Rosa alifika kutoka Handeni siku ya Jumatatu. Agripina alimsalimia, "Shikamoo, mama," akamvutia kiti, akamwomba aeleze tangu mwanzo.

"Nilishaeleza," alisema yule mama. "Mwaka ule ule alipopotea. Nilikwenda kituo kimoja cha polisi, nikasimama kaunta toka asubuhi. Wakaniambia ni mambo ya ndoa, tuyamalize nyumbani. Hawakuandika hata jina lake."

Agripina alifungua daftari. Sare yake ilikuwa ile ile ya watu wa kaunta ile.

"Nisamehe, mama," alisema.

Mama alilitazama daftari. "Leo mnaandika?"

"Naandika."

"Basi andika," alisema, akakunja mikono mapajani, akaanzia siku Rosa alipozaliwa.