Pointi Nyeusi za Kontakta

Uvumi ulimkuta amekaa kwenye kigoda, kichwa kiko mikononi mwa msusi, hana pa kukimbilia. Msusi alisema zile swichi za kiwanda cha magodoro kilichoungua zimeshaingia madukani. Zimefutwa masizi, zimepangwa kwenye rafu kama mali safi. Ukitaka kuzijua, alisema, zifungue uangalie ndani: ni nyeusi, maana moto hauoshwi ukaisha.

"Nani amekwambia?"

"Shoga, nasuka vichwa sita kwa siku, na kila kichwa kina mdomo wake. Wewe unauliza nani?"

"Umeziona kwa macho yako?"

"Nizione nina shughuli gani nazo? Tulia, unanipotezea mstari. Ila lisemwalo lipo."

Akatulia. Mtaani walimwita Mama Angalia, kwa sababu hakuwa na salamu isiyokuwa na neno hilo ndani yake. Angalia ngazi. Angalia moto. Angalia huyo mwanamume anavyocheka. Watu walimtania, naye alicheka nao, lakini hofu yake haikuwa mchezo. Aliibeba mgongoni kama mtoto, akilala inalala, akiamka inaamka kabla yake. Na wiki ile hofu ilikuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu binti yake, mwokaji wa mikate, alikuwa anatafuta kontakta.

Kontakta ni swichi kubwa ya mashine. Wewe unabonyeza kitufe tu, kijani au chekundu. Yenyewe ndiyo inayofunga njia ya umeme mota izunguke, na yenyewe ndiyo inayoifungua mota isimame. Ya mashine ya binti, ile ya kukandia unga, ilikuwa imechoka. Ilinguruma kama nyuki ndani ya chupa, leo inashika, kesho inagoma. Binti aliulizia mpya dukani, akaambiwa bei, akasema asante, akatoka. Fundi umeme wa mtaa akamwambia asijitese. Aende kwa Profesa, yule anayenunua masalia ya viwanda: vitu vinavyobaki stoo kiwanda kikifungwa au kikibadilisha mitambo. Ni imara kuliko vya siku hizi, alisema fundi, na bei yake haikatishi mtu tamaa.

Binti hakuweza kuliacha tanuri. Aliitia ile ya zamani kwenye mfuko iwe mfano, akampa mama.

"Mwambie nataka koili ya volti mia mbili na ishirini. Na aipime mbele ya macho yako."

"Na kama imetoka motoni?"

"Moto gani tena?"

"Wa kiwanda cha magodoro."

"Mama, yule msusi wako siku moja atakwambia mimi si mwanao, na utaamini." Alikuwa anacheka, mikono yote miwili imezama kwenye unga hadi viwikoni.

Duka la Profesa lilikuwa chumba kirefu chenye taa moja. Rafu zake zilikuwa milango ya makabati ya umeme, imelazwa juu ya matofali. Swichi, relei, vitufe, fyuzi nene kama kidole gumba, kila aina na sanduku lake, na kila sanduku limeandikwa kwa chaki vitu vyake vilikotoka. Mwenyewe alivaa miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na alionekana kuzoea zaidi kuzungumza na bidhaa kuliko na wateja.

"Karibu, mama. Umeniletea mgonjwa?"

Akaitoa. Profesa akaitikisa karibu na sikio. "Huyu si mgonjwa, huyu ni marehemu. Pole kwa msiba." Akaenda nyuma, akarudi na nyingine ya sura ileile. "Hii imetoka kiwanda cha nguo."

"Si cha magodoro?"

"Cha nguo, mama."

"Kiliungua?"

"Kilihama."

Akaishika koili, ule msokoto wa waya unaoivuta swichi ifunge, kwa nyaya za mita, akamwonyesha namba. Akaiunga kwenye umeme, ikajibu ta! Akaukata, ikaachia. Mara kumi, ta, ikaachia, ta, ikaachia. Kisha akafungua kifuniko kwa bisibisi ili mteja aone ndani mwenyewe. Mama akainama. Zile pointi, vile vibonge vidogo vinavyogusana kupitisha umeme, zilikuwa nyeusi.

"Zimeungua hizi."

"Hazijaungua. Zimevikwa madini ya fedha, na fedha ikifanya kazi inakuwa nyeusi. Weusi huo unapitisha umeme vizuri tu. Usipige msasa, usikwangue, usipake mafuta. Ukikuta mashimo, tupa. Weusi peke yake si ugonjwa."

"Huna nyeupe?"

"Nyeupe iko dukani, kwa bei ya nyeupe."

"Muuzaji gani atasema bidhaa yake ni mbaya?"

Profesa hakukasirika. "Ndiyo shida yangu hiyo. Nikisema kweli, naonekana nauza."

Mama akalipa, akaichukua. Njia nzima aliushika mfuko mbali na mwili, kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

Nyumbani binti hakuwepo, alikuwa amepeleka mikate. Mama akaiweka kontakta juu ya meza ya jikoni akaitazama. Kurudi nayo dukani aliona aibu. Kumkabidhi mwanawe kitu cheusi aliona dhambi. Katika maisha yake hakuwahi kushindwa na uchafu. Masufuria yake yalikuwa yanajulikana mtaa mzima. Akatoa bisibisi na kipande cha msasa kwenye droo ya visu, akafungua kama alivyomwona Profesa akifungua, akaanza kusugua. Weusi ukatoka. Ukaja weupe. Akaona bado kuna doa, akaendelea. Weupe nao ukatoka, ukaja wekundu mzuri wa shaba, unang'aa. Akafanya hivyo kwa pointi zote, akapuliza vumbi, akarudisha kifuniko. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya msusi.

Binti aliporudi aliigeuza geuza mkononi. Akaona skrubu moja imekwaruzwa.

"Mama, uliifungua hii?"

"Niifungue nina kazi nayo gani?"

Fundi umeme alikuja akaifunga siku ileile. Hakutazama ndani. Aliambiwa imeshapimwa.

Mashine ikafanya kazi vizuri. Kwa wiki mbili binti aliisifu, na mama kila alipoisikia ikisema ta alijiambia kimoyomoyo kwamba amemkinga mwanawe na jambo.

Waokaji wana tabia moja, na hakuna asiyekuwa nayo. Wakibonyeza chekundu hawangoji. Mkono wa chuma ukiwa kwenye mzunguko wake wa mwisho, unapunguza mwendo, wao wameshatia mkono kukwangua unga ulioganda, maana ukisubiri unakauka. Ilikuwa mchana, jua limeingia hadi katikati ya chumba. Mteja mmoja alikuwa dirishani, anasema mkate wa jana ulikuwa mwepesi hadi alifikiri amenunua mfuko mtupu. Binti alibonyeza chekundu. Aligeuka kumjibu, akamwambia mfuko mtupu ni bei nyingine, na huku anacheka akatia mkono.

Huo haukuwa mzunguko wa mwisho.

Mama alikuwa anakunja mifuko. Alifika kwenye kitufe akakibonyeza. Akakibonyeza tena. Kilikuwa kinaingia na kutoka, laini, kama siku zote, na mashine inaendelea. Alibonyeza hadi kidole chake kikapoteza hisia. Swichi kuu ilikuwa ukutani, nyuma ya magunia ya unga yaliyopangwa juu kwa juu. Mteja ndiye aliyeruka dirisha, akayaangusha magunia moja baada ya jingine, akaizima. Halafu chumba kikawa kimya na kimejaa vumbi jeupe.

Hospitali walimwambia ni vidole vitatu, mkono wa kulia. Kidole gumba kimebaki, na cha mwisho. Mama aliitikia ndiyo, kama mtu anayeambiwa ofisi inafunguliwa saa ngapi. Alipewa aproni ya binti ndani ya mfuko. Akaitoa akaikunja, akaona haikukaa sawa, akaikunja tena. Nesi alimletea chai. Aliinywa yote, akakirudisha kikombe, akasema asante. Watu waliokuja kumpa pole walisema yule mama ana moyo wa jiwe, na hawakuwa wamekosea sana. Hakusikia kitu.

Kesho yake walikuwa watatu kando ya kitanda: mama, kaka yake ambaye kila mtu alimwita Mjomba, na fundi umeme. Fundi alikuwa ameifungua kontakta. Aliiweka juu ya kimeza cha dawa.

"Tazameni. Zimeshikana, kama zimechomelewa. Ukibonyeza chekundu koili inaachia, lakini pointi haziachani, umeme unaendelea kwenda. Na sababu ni hii hapa. Fedha yote imekwanguliwa. Shaba tupu haihimili cheche, inayeyuka inagandana. Mtu amepiga msasa ili ing'ae, iuzike."

"Profesa," akasema Mjomba.

"Mimi sikumtaja mtu."

"Huhitaji kumtaja. Mtaa mzima unajua anauza mali ya moto. Leo atazila hizo swichi zake, moja moja, bila maji." Akasimama akikunja mikono ya shati.

Mama aliitazama kontakta. Aliona mikwaruzo yake mwenyewe, yote imeelekea upande mmoja, kama anavyosugua sufuria.

"Ni mimi," akasema.

"Dada, uchungu unakusemesha. Kaa."

"Ni mimi. Msasa uko kwenye droo ya visu. Profesa alinikataza."

Mjomba alibaki amesimama, mkono mmoja wa shati umekunjwa, mwingine haujakunjwa. Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Binti hakuwa amelala kama walivyodhani.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ungesema ndiyo tu, mama, ningeifungua nikaona. Ningeitupa."

"Nilijua utanigombeza."

Binti aligeuza uso ukutani. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Nenda kwa Profesa umwambie. Wewe mwenyewe, asikutangulie mtu. Na ukirudi hapa usiniambie angalia. Neno hilo sitaki kulisikia."

"Sawa, mwanangu."

Dukani habari kwamba swichi ya Profesa imemponza mwokaji ilikuwa imeshatangulia, maana vichwa sita kwa siku si mchezo. Wateja watatu walikuwa wamerudisha bidhaa, zimerundikwa mlangoni. Sanduku la fyuzi lilikuwa limepinduliwa, na Profesa amepiga magoti anaziokota. Mama alisimama akaeleza yote, tangu kigoda cha msusi hadi kitanda cha hospitali, kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka. Alingoja kutukanwa. Alifikiri akitukanwa huenda atasikia kitu.

"Mkono upi?" akauliza Profesa.

"Wa kulia."

Profesa akakaa chini palepale kwenye fyuzi zake.

"Ningekwangua moja mbele yako ukaona," akasema. "Sikufikiri. Nilisema tu."

Kisha akainuka, akachana ubavu wa boksi, akampa kalamu nene. "Mimi nikiandika watasema najitetea. Andika wewe. Weka na kwamba wewe ndiye mama wa mwokaji."

Alikuwa ameishia darasa la saba, na tangu hapo alichoandika zaidi ni majina kwenye mifuko ya mikate. Aliandika amesimama, herufi kubwa. Pale asipojua, aliuliza, na Profesa akamjibu bila kuongeza neno. Boksi lile sasa limetundikwa mlangoni mwa duka, na limeandikwa hivi:

MIMI NI MAMA WA MWOKAJI. UKINUNUA SWICHI ZA MASALIA EPUKA HAYA:

Usinunue isiyojulikana ilikotoka.

Usinunue isiyopimwa mbele yako, koili na pointi.

Usichukue koili ya volti nyingine kwa sababu ya urahisi.

Usichukue yenye plastiki iliyoyeyuka, au harufu ya kuungua, au pointi zenye mashimo.

Usipige msasa pointi. Wala kisu, wala stiliwaya, wala mafuta. Weusi si uchafu.

Kama umeifungua, usimfiche fundi. Akikuuliza, usikatae.

Fundi, usifunge kitu ambacho hujatazama ndani, hata ukiambiwa kimepimwa.

Habari za swichi usizichukue kwa mtu asiyezishika.

Usitie mkono kwenye mashine kwa kuamini kitufe chekundu. Zima ukutani kwanza.

Usipange magunia mbele ya swichi kuu.